Nyuzi Kumi na Nne

Hakuwa na cheti cha chuo. Hakuwa na kiwanja, wala gari, wala mjomba serikalini. Hakuwa na baba tangu akiwa darasa la tatu. Hakuwa na suti ya kuvaa kwenye harusi za wenzake, na viatu vyake vya heshima vilikuwa jozi moja aliyovaa kwa zamu na shemeji yake. Na hakuwa na mtu wa kumsikiliza. Kwenye vikao alikaa nyuma, na akitoa wazo, mwenyekiti alisema "tumelisikia" kisha akamgeukia mwingine. Alikuwa na miaka thelathini na miwili, na hilo la kutosikilizwa lilimuuma kuliko hata suti.

Alichokuwa nacho ni ufundi. Ungemletea friji iliyokufa akaiwekea sikio kama daktari anavyosikiliza kifua, akakwambia ugonjwa kabla hajafungua hata skrubu moja. Watu walimwita Baridi, na tajiri wake, mwenye kampuni ya matengenezo, alimkabidhi friji za chanjo za kliniki kumi na moja. Hiyo ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kupata.

Jumatatu moja, saa tatu asubuhi, aliingia kwenye ukumbi wa kliniki mojawapo akiwa na begi lake jekundu la vifaa begani. Mabenchi yalijaa kina mama na watoto mpaka wengine walikaa sakafuni kwenye mikeka. Vilio vya kila sauti, harufu ya dettoli na ya maziwa, feni moja juu ikizunguka bila faida. Alijipenyeza kuelekea mlango wa mwisho, na hapo akazuiwa na mkono.

"Foleni inaanzia kule nyuma, baba."

"Mimi si..."

"Kina baba wote huanza na 'mimi si'. Mtoto yuko wapi?"

"Mtoto ni friji."

Mama mmoja kwenye benchi la mbele akaangua kicheko. "Sista, mchome sindano ya friji huyo!"

Muuguzi akamtazama kuanzia begi hadi viatu, naye akacheka. Sare yake nyeupe ilikuwa imepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ikasimama yenyewe, lakini miguuni alivaa soksi za kijani kibichi ambazo hazikuandikwa kwenye kanuni yoyote ya kazi. Kina mama walimwita Sista Polepole, kwa sababu kila alipomchoma mtoto alimwimbia kwa sauti ya chini, "polepole, baba, polepole, mama," mpaka sindano ikatoka mtoto akiwa bado anajiuliza kama alie.

"Nisamehe, fundi. Tunakusubiri tangu saa moja. Ingia."

Chumba cha chanjo kilikuwa chembamba, dirisha moja, friji ukutani. Kwenye mlango wa friji ilining'inia karatasi ya joto, ile ambayo muuguzi hujaza kila asubuhi na kila jioni: chanjo zikae kati ya nyuzi mbili na nyuzi nane.

"Ijumaa jioni ilikuwa tano," alisema Sista Polepole, akimwonyesha kwa kalamu. "Jumamosi umeme ukakatika. Ukarudi, lakini friji haikurudi. Leo asubuhi nakuta kumi na nne." Pembeni ya namba hiyo alikuwa ameweka sahihi yake, yenye mkia mrefu kama wa tiara.

Chini, karibu na mlango, kulikuwa na sanduku kubwa lililofungwa kwa gundi ya karatasi.

"Na hilo?"

"Hilo usiliguse. Zile chanjo zilizokuwa ndani ya friji ziko humo. Leo natumia za kuazima, nimeletewa na kliniki jirani kwenye kasha la barafu."

Mtoto akapiga ukelele nje, naye akatoka mbio. Baridi akafanya kama alivyofanya siku zote kabla ya kugusa kitu: akatoa simu na kupiga picha nne, ya nyuma ya friji, ya kompresa, ya kipimajoto na ya karatasi. Tajiri hakukubali kazi isiyo na picha. Kisha akavua shati la juu, akalala chini, na baada ya nusu saa akainuka na kijidude kilichoungua, kisichozidi ukubwa wa kidole gumba.

"Hiki ndicho kilichokunyima usingizi," alimwambia Sista aliporudi.

"Hiki kidogo hivi?"

"Ndicho kinachoiamsha kompresa. Kikiungua, friji inalala moja kwa moja. Nipe namba yako ya simu, niwe nakuuliza inaendeleaje."

"Fundi aliyepita hakuomba namba."

"Ndiyo maana ikaharibika."

Akapewa namba.

Wiki ya kwanza alipiga kuuliza friji. Wiki ya pili alipiga kuuliza friji na mwenye friji. Wiki ya tatu friji ilisahaulika.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Fundi, wewe ni mume wangu au ni mkaguzi?"

"Nafasi iliyo wazi ni ipi?"

"Ya mkaguzi tumeshaajiri."

Jumapili walipokutana kwenye mgahawa mmoja wenye bustani, Sista alivaa gauni la zambarau lililombana kiunoni na kumwachia huru magotini, na hereni ndogo zilizometa kila alipogeuka. Baridi alivaa shati jeupe na vile viatu vya zamu. Sista aliviangalia viatu, akamwangalia usoni, akaviangalia tena.

"Viatu vimekua, au miguu imepungua?"

"Ni vya shemeji. Wiki hii ni zamu yangu."

Angeweza kudanganya, na hakudanganya. Sista alicheka mpaka akalazimika kushika meza, na kicheko kilipokwisha, mkono wake ulikuwa juu ya mkono wa fundi na hakuuondoa. Tangu siku hiyo akamwita "mtu wangu". Kabla ya miezi mitatu kwisha walikuwa wamepanga tarehe ya Baridi kwenda kujitambulisha kwa shangazi aliyemlea Sista, mwanamke mwenye maneno makali aliyekwisha kuwafukuza wachumba wawili.

"Akikuuliza una nini, sema una mimi," Sista alimfundisha.

"Akisema hiyo haitoshi?"

"Basi mtengenezee friji."

Baridi naye alilelewa na mwanamke mmoja: dada yake mkubwa, msusi, mwenye chumba cha saluni na viti vitatu. Dada alimsomesha kwa vidole vyake. Baada ya kungoja miaka tisa ndani ya ndoa, dada akapata mtoto wa kike, wakamwita Malkia, naye Malkia akaitawala saluni nzima kwa kutupa vitana.

Malkia alipofikisha mwaka mmoja na nusu, dada alimpeleka kliniki kwa chanjo ya kurudia. Alimpeleka kwa wifi mtarajiwa, kwa fahari, mbele ya benchi zima. Sista Polepole alimchoma mwenyewe, akamwimbia, kisha akamwambia dada, "Leo homa inaweza kupanda, wifi. Mpe hii dawa ya homa, mvue nguo nzito, mpanguse kwa maji. Ikizidi, usingoje, mlete."

Saa kumi na mbili jioni Malkia alichemka kama birika. Dada alimpa dawa, akampangusa. Mtoto akakakamaa mikononi mwake, macho yakageuka, akatetemeka. Dakika mbili, labda tatu. Dada alikimbia naye barabarani bila viatu.

Walikaa wodini siku mbili. Daktari alisema ni degedege la homa, linatisha lakini kwa kawaida haliachi alama. Ikawa hivyo. Siku ya tatu Malkia alikuwa saluni akitupa vitana. Aliyebaki akitetemeka ni mama yake.

Mteja mmoja, akiwa chini ya mashine ya kukaushia nywele, alimpa dada simu yake asome. Lilikuwa kundi la mtandaoni lenye watu zaidi ya elfu sita, liitwalo Wazazi Macho. Humo kila mtu alikuwa na habari: mtoto aliyechomwa akaacha kutembea, mtoto aliyechomwa akaacha kuongea, mtoto wa jirani wa binamu. Baadhi walibishana, wakaleta takwimu, wakatukanwa. Kwa mara ya kwanza tangu jioni ile, dada alikutana na watu waliomwambia: tunakuamini. Akajiunga. Kesho yake akamwingiza na mdogo wake.

Baridi alisoma siku nzima. Jioni, baada ya kazi, alimpigia Sista.

"Mpenzi, niambie ukweli. Ni sindano ile?"

"Homa ni ya sindano, sikatai. Nilimwambia dada mapema. Degedege limeletwa na homa. Limepita, mtu wangu. Nimemwona jana, mzima."

"Mbona unaongea kama ni kitu kidogo?"

"Si kidogo. Nimekwenda wodini mara mbili. Lakini leo nimechoma watoto themanini, miguu haipo. Nisemeje?"

"Najiuliza tu kama dawa yenyewe ilikuwa nzima."

"Baridi, wewe ni fundi wa friji. Watoto tuachie sisi."

Alisema hivyo kwa uchovu, nusu utani, na kabla hajavua soksi alikuwa ameshasahau. Baridi hakusahau. Neno liliingia mahali palepale walipokuwa wamekaa wenyeviti wote waliosema "tumelisikia".

Siku mbili baadaye mtu aliuliza kundini: *Hivi hizi chanjo zinatunzwaje? Kuna anayejua?*

Baridi alijibu kwa sentensi tatu. Wakamwuliza zaidi, akaeleza zaidi: kompresa, nyuzi mbili, nyuzi nane, umeme ukikatika inakuwaje. Watu mia mbili waliweka alama ya kidole. Msimamizi wa kundi akaandika, *Hatimaye tumepata mtaalamu.* Dada alipaza sauti saluni, "Mnamwona huyu Mtaalamu? Ni mdogo wangu wa tumbo moja!" Baridi aliisoma ile sentensi ya msimamizi mara nyingi kuliko anavyoweza kukiri.

Na hapo ndipo alipolikumbuka lile sanduku.

Aliitafuta picha kwenye simu. Nyuzi kumi na nne, na sahihi pembeni. Akakumbuka na maneno: *zile chanjo zilizokuwa ndani ya friji ziko humo. Usiliguse.* Maishani mwake alikuwa ametengeneza friji za bucha, za samaki, za maziwa, na alijua kinachotokea kitu kikikaa siku mbili nje ya baridi: kinaoza, na kilichooza ni sumu. Na mwenye duka, alijua pia, hukificha na kukiuza. Alikuwa ameliona mara mia. Basi akajumlisha, na jumla ikatoka safi kabisa.

Mkono uligusa namba ya Sista, ukasita. *Watoto tuachie sisi.* Akarudi kundini.

*Mimi ni fundi. Hii ni karatasi ya friji ya chanjo ya kliniki moja. Nyuzi kumi na nne, siku mbili. Chanjo zilizooza nimeziona kwa macho yangu zimewekwa kwenye sanduku zisubiri kutumika. Nyama ikioza mnatupa. Hizi wanawachoma watoto wetu.*

Mwanamke mmoja aliyejiita Mkunga Mstaafu akauliza, *Mwanangu, uliziona zikitumika?*

*Niliziona zimehifadhiwa.*

*Sijauliza hilo. Na nyuma ya karatasi kumeandikwa nini?*

*Mama, wewe umelipwa na nani?* akaingilia mwingine, na wengine ishirini wakamfuata. Mkunga Mstaafu akaondolewa kundini. Baridi aliona jina lake likitoweka, akajiambia kwamba bibi huyo alikuwa na jazba.

Picha ile ilitembea. Jioni ilikuwa kwenye makundi ambayo Baridi hakuwahi kuyasikia. Alidhani alikuwa amemlinda mtu kwa sababu hakutaja jina la kliniki. Lakini kila mama wa eneo lile alikuwa na kadi ya mtoto kabatini, na kila kadi ilikuwa na sahihi yenye mkia mrefu. Siku ya pili walishamjua. *Muuaji anavaa soksi za kijani,* mmoja aliandika, na sentensi hiyo ikapendwa mara elfu moja.

Siku ya tatu, mabenchi ya kliniki yalikuwa matupu. Walikuja kina mama wanne; wawili walikuja kuuliza, wawili walikuja kutukana. Siku ya nne Sista Polepole aliitwa ofisini akapewa barua ya kusimamishwa kazi.

Alimpigia Baridi saa saba mchana. Sauti yake ilikuwa shwari kuliko kawaida.

"Uko wapi?"

"Kazini, mpenzi. Nilikuwa nataka..."

"Begi lako jekundu unalo?"

"Ninalo."

"Hata kwenye picha lipo. Chini, kona ya kushoto."

Baridi alikuwa jikoni kwa mteja, friji imefunguliwa mgongo. Akakaa juu ya ndoo.

"Sikutaja jina. Sikumlaumu mtu, nilisema habari za friji tu..."

"Uligeuza karatasi?"

"Kuigeuza?"

"Nyuma, Baridi. Kuna nyuma. Upande wa mbele tunaandika joto. Upande wa nyuma tunaandika tulichofanya. Nimeandika kwa mkono wangu: chupa arobaini na sita zimeondolewa, hazitatumika, zinasubiri gari la kuteketeza. Sahihi yangu na ya mganga mkuu. Lile sanduku lilikuwa la kuchomwa moto."

Katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kuigeuza karatasi ya joto. Fundi alihitaji namba, na namba zilikuwa mbele.

"Na chanjo ikipata joto haigeuki sumu kama nyama," aliendelea Sista. "Inapoteza nguvu. Inakuwa kama umemchoma mtoto maji. Ndiyo maana tunaitupa. Hiyo ningekwambia kwa dakika moja."

"Nisamehe, laazizi. Naenda kuandika sasa hivi, nasahihisha."

"Andika," alisema, akakata simu.

Aliandika. *Nilikosea. Chanjo zile zilitupwa, kuna rekodi nyuma ya karatasi ambayo sikuisoma.* Majibu yalimiminika kabla hajameza mate. *Wamekupata, Mtaalamu? Wamekupa ngapi? Mtaalamu amekuwa kibaraka.* Alijaribu kueleza habari za sanduku. Msimamizi akaandika, *Kundi hili halina nafasi kwa wasaliti,* na dakika nne baada ya ujumbe wake wa kwanza, Baridi hakuwa mwanachama tena. Picha yake ilibaki, nayo iliendelea kutembea bila yeye.

Saluni dada hakuacha kusuka alipomwona.

"Umetukana watu waliokuwa nami," alisema, macho kwenye kichwa cha mteja. "Kwa ajili ya mwanamke."

"Dada, nilisema uongo."

"Malkia kutetemeka ulikuwa uongo?"

"Hapana."

"Wewe hukumshika. Mimi nilimshika. Nilihesabu pumzi. Usiniletee nyuzi na karatasi humu ndani."

Mambo ya kliniki yaliendelea bila haraka, kama yanavyoendelea mambo ya ofisi. Kuhusu chupa, wakaguzi walifungua vitabu wakakuta kila kitu sawa. Lakini karatasi ya serikali ilikuwa imetoka kwenye chumba ambacho ufunguo wake alikuwa nao mtu mmoja, ikasababisha watoto mia sita wasiletwe kuchanjwa, na mtu huyo alipoulizwa ilitokaje, alisema hajui. Kamati ya nidhamu ikapangiwa siku. Wakimwona na hatia ya kutoa nyaraka, leseni ya uuguzi ingeondoka, na miaka tisa ya kazi pamoja nayo.

Baridi aliyasikia yote haya kwa watu. Simu zake hazikupokewa. Kila asubuhi alijiambia atakwenda kusema, na kila asubuhi alimkumbuka tajiri, aliyewaambia mafundi wote siku ya kwanza: picha za mteja zikitoka nje, wewe nawe unatoka. Kliniki kumi na moja. Akaahirisha. Siku ya kumi na tisa akavaa viatu vya zamu, ingawa haikuwa zamu yake, akaenda nyumbani kwa shangazi.

Shangazi alikuwa barazani akichambua mchele kwenye sinia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyekuwa uje na wazee wako?"

"Ndiye mimi."

"Wazee wako wapi?"

"Nimekuja peke yangu."

"Naona. Hata adabu umeiacha nyumbani." Akageuza shingo. "Mwanangu! Mgeni wako wa mtandaoni amefika."

Sista alitoka uani, mikono na povu, gauni la kushindia, miguu mitupu. Alikuwa amekonda usoni. Akamwonyesha kigoda, yeye akarudi kwenye beseni la nguo kana kwamba aliyekuja ni msoma mita.

"Kwa nini hukunitaja?" aliuliza Baridi.

"Nilitaka uende mwenyewe." Alikamua shati, akalikung'uta. "Siku ya kwanza nilisema anaogopa, si ajabu. Siku ya tano nikasema anatafuta maneno. Siku ya kumi nikamtetea mtu wangu mbele ya shangazi, mpaka akanionea huruma akanyamaza. Unajua shangazi kunyamaza ni nini?"

Barazani sinia lilisimama kidogo, kisha likaendelea.

"Nikisema, tajiri ananiondoa."

"Najua."

"Na dada hatanisamehe."

"Najua na hilo."

Akauliza swali alilolibeba njia nzima, na ambalo lingebaki njiani kama angekuwa na busara ya mtu mzima.

"Nikiandika kwa kamati, utarudi kwangu?"

Sista aliacha nguo. Alikausha mikono kwa upindo wa gauni, kidole kimoja kimoja.

"Kwa hiyo mpaka niseme ndiyo, ndipo uandike?"

"Sikumaanisha..."

"Uliwauliza watu elfu sita, Baridi. Watu usiowajua sura. Mimi nilikuwa kwenye simu yako, jina la kwanza. Ungenipigia, ungenitukana, ungesema 'wewe mwanamke, umemchoma mtoto wa dada yangu kitu kilichooza?' Ningekasirika wiki nzima, halafu ningekuonyesha nyuma ya karatasi. Tungekuwa tumeshaoana."

"Uliniambia watoto niwaachie ninyi."

Alimtazama kwa muda, akitafuta siku hiyo kichwani, akaipata. Macho yakamlegea, na kwa pumzi moja Baridi aliamini yote yamesamehewa.

"Nilisema hivyo," alikubali. "Lilikuwa neno baya, nilikuwa nimechoka. Pole. Kumbe lilikuuma hivyo?" Akatikisa kichwa. "Kwa neno moja umenitafutia watu elfu sita wa kunipiga. Siku nyingine nikikosea chumvi utaita jeshi. Siwezi kuishi na mtu wa hivyo, nitakuwa naongea kwa kupima kama dawa."

"Nakupenda."

"Najua. Mimi pia, na ndiyo maana nafua nguo safi." Akageuka akaanika shati ambalo lilikuwa tayari limeanikwa. "Kamati inakaa Alhamisi ijayo. Andika au usiandike. Ukiandika, andika kwa kuwa ni kweli. Mimi sirudi."

Shangazi alimsindikiza mpaka kwenye geti, jambo ambalo hakuwafanyia wachumba wale wawili. "Alikuwa anakusifia viatu," alisema, akafunga.

Kesho yake asubuhi, Baridi alikaa nyuma ya saluni, kwenye meza ya kupangia mafuta ya nywele, akaandika. Mara ya kwanza zilitoka kurasa nne. Alieleza habari za Malkia, jioni ile, degedege, mama aliyekimbia bila viatu. Alieleza habari za kundi na jinsi mtu anavyoweza kupotea akiwa na uchungu. Ilikuwa barua nzuri. Mtu yeyote angeisoma angemhurumia mwandishi.

Dada aliingia kuchukua chupa, akaona. Akasoma yote akiwa amesimama, midomo ikicheza.

"Unaipeleka?"

"Leo."

"Umeandika kwamba mwanangu alitetemeka."

"Nimeandika."

"Umeandika kwamba amepona."

"Nimeandika."

Aliirudisha mezani taratibu. Baridi alingoja matusi, hayakuja.

"Mtoe," alisema dada.

"Dada, bila yeye wataniona nilifanya kwa..."

"Wewe ulipiga picha kabla hujajua kama mwanangu angeugua. Uliituma kwa kuwa walikuita mtaalamu. Nilikuwepo, nilikushangilia, na hilo langu nitajua mwenyewe nitalifanyaje. Lakini Malkia mtoe humo. Ameshatumiwa vya kutosha."

Akachukua chupa ya mafuta, akarudi kwa mteja.

Baridi alizichana kurasa nne. Kilichobaki, alipotoa kila kilichomtetea, kilikuwa nusu ukurasa.

*Kwa Kamati ya Nidhamu. Mimi ni fundi wa friji niliyetumwa kliniki Jumatatu ile. Picha ya karatasi ya joto niliipiga mimi, muuguzi akiwa ametoka nje kwa mtoto anayelia. Hakuniruhusu na hakujua. Niliituma mimi mtandaoni. Niliandika kwamba chanjo zilizoharibika zinatumika. Sikuona zikitumika, na sikusoma nyuma ya karatasi. Muuguzi hana kosa. Nakala ya barua hii nampelekea mwajiri wangu. Picha yenyewe, pamoja na saa iliyopigwa, bado ipo kwenye simu yangu, nami nitaileta mkinihitaji.*

Akaweka sahihi na jina lake kamili. Hakuna sentensi iliyoomba chochote.

Posta ilijaa. Alipofika dirishani, karani, mwanamke mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba, aliipima bahasha mkononi.

"Hujaifunga, kaka."

Baridi alilamba gundi. Ilikuwa chungu. Akaibana bahasha kwa vidole vyote kumi mpaka ikashika.

"Ya kawaida au ya kusajili?"

"Ya kusajili. Inafika kabla ya Alhamisi?"

"Jumanne. Ila ukishanipa sikurudishii. Watu wengi hurudi mbio wakilia."

"Sawa."

Akaisukuma chini ya kioo. Karani akaigonga muhuri mara mbili, akamkatia stakabadhi, akaitupa bahasha ndani ya gunia pamoja na nyingine, akanyoosha shingo kumwangalia aliyekuwa nyuma ya Baridi.

"Anayefuata."